Mstari wa Kwanza wa Daftari la Jikoni

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa Juni, saa kumi alasiri, Mkuu wa Chuo chetu atakabidhi funguo za ofisi na kwenda nyumbani, baada ya kukitumikia chuo hiki cha theolojia cha Kanisa la Presbiteri kwa miaka arobaini na mmoja. Ishirini na miwili alikuwa mhadhiri, kumi na tisa amekuwa Mkuu. Funguo zenyewe ni kumi na nne, na mlinzi wa lango anaapa kwamba tisa kati yake hakuna ajuaye zinafungua nini.

Kamati ya kuagana imenipa mimi, mkutubi, kazi ya kuandika wasifu huu. Sababu waliyoitoa ni kwamba nimefanya naye kazi miaka ishirini na tisa. Sababu ya kweli ni kwamba nasifika kwa kutomwogopa, kwa kuwa kila Januari nimekuwa nikimpelekea barua ya kumtaka arudishe kitabu fulani alichoazima. Nikiri mapema kwamba sifa hiyo si yangu. Nimemwona mtu huyu akipiga chafya, akimwaga chai, akitafuta miwani iliyokaa kichwani mwake mwenyewe, na bado kila anapoingia maktaba mimi husimama. Sijawahi kuamua kusimama. Miguu husimama yenyewe.

Alizaliwa mtoto wa tatu katika nyumba ya seremala aliyekuwa pia mzee wa kanisa. Baba alikuwa na utaratibu wake: mtoto anapiga randa, mzee anauliza maswali ya katekisimu, na ubao hauhesabiwi umekwisha mpaka jibu nalo liwe limenyooka. Mpaka leo Mkuu akipita karakana ya chuo na kunusa maranda, hupunguza mwendo na midomo yake huanza kucheza. Mafundi wamezoea. Humpisha, yeye na majibu yake.

Alianza kazi kama mwalimu wa shule ya msingi, akaitwa kwenye uchungaji, presbiteri, yaani baraza la kanisa la eneo lake, ikamwekea mikono akiwa na miaka ishirini na mitatu, kisha kanisa likampeleka ng'ambo kwa masomo ya juu. Baada ya miaka sita alirudi na shahada ya uzamivu, tasnifu ya kurasa mia nne na kumi na mbili, na masanduku mawili. La kwanza lilijaa vitabu. La pili, ambalo mkewe alilifungua akitarajia makoti, lilijaa vitabu pia. Mama huyo, muuguzi ambaye sasa naye amestaafu, hawezi kusema hakuonywa. Barua ya uchumba aliyoandikiwa ilikuwa na tanbihi saba. Anayo bado, na anasema tanbihi ya tano ndiyo iliyomfanya akubali.

Tasnifu yenyewe ilihusu majaliwa. Kwa maneno ya kawaida, ni lile fundisho kwamba Mungu anautunza ulimwengu na hakuna linalotokea nje ya mkono wake. Ulishike fundisho hilo, msomaji, maana ndilo litakalomtia Mkuu wetu taabani.

Chuo kilimpa chumba chini ya ngazi, chenye dirisha moja lililotazamana na mlango wa jikoni. Humo alifundisha Kiyunani huku chumba kikinuka vitunguu vya kukaangwa. Wanafunzi wa miaka hiyo, ambao sasa ni wachungaji wenye mvi, wanasema hadi leo hawawezi kunyambua kitenzi cha Kiyunani bila kuona njaa.

Halafu kuna kalamu nyekundu. Hakuna aliyepita chuo hiki asiyeijua. Insha ikimridhisha, aliandika maneno machache pembeni, na mwenye insha alitembea wiki nzima kifua mbele. Isipomridhisha, aliandika neno moja tu chini ya ukurasa: "Arudie." Hakufafanua. Wanafunzi wakambatiza jina la Baba Arudie, naye akalipokea kama mtu aliyepewa jina la ukoo. Kalamu hiyo haikuwa na mipaka. Mhadhiri mmoja alimpelekea kadi ya mwaliko wa harusi, ikarudi na koma mbili zimeongezwa, pamoja na zawadi nono. Tangazo lililokuwa mlangoni mwa choo cha wafanyakazi lilisahihishwa mara tatu hadi likawa, kwa maoni yangu, andiko bora kabisa chuoni.

Nje ya chuo, kanisa zima limemtumia. Aliongoza kamati iliyoandika upya kanuni zetu, kazi ya miaka saba. Mara tatu alisimama mbele ya Baraza Kuu, kile kikao kikubwa cha kanisa lote, kutetea wanawake wawekewe mikono ya uchungaji. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili alishindwa kwa kura chache zaidi, akarudi kwenye kiti chake anatabasamu, na mzee aliyeketi jirani akamwuliza anafurahia nini. Alimjibu kwamba amepiga hesabu, na kwa mwendo huu kimebaki kikao kimoja tu. Mara ya tatu ukumbi wote ulisimama kumuunga mkono. Naibu wake, atakayeshika usukani Julai mosi, ni mchungaji na ni mama wa watoto wawili. Siku ile alikuwa msichana wa kidato cha pili, ameketi roshani na mama yake.

Miaka michache baadaye Baraza hilohilo lilimchagua Moderata, yaani msimamizi wa kanisa zima. Siku ya pili baada ya muhula wake kuisha, alikuja maktaba saa mbili asubuhi akauliza kama gazeti limefika, kama mtu aliyekuwa ametoka kidogo kunywa chai.

Mwaka ambao paa la maktaba lilivuja, tulilazimika kuhamisha vitabu elfu kumi na moja hadi kwenye ukumbi wa chakula. Walimu, wanafunzi na wapishi tulipanga mstari, tukavipitisha mkono kwa mkono. Mkuu alijipanga katikati, na kosa lilikuwa letu kumwacha hapo. Kila kitabu cha tatu alikifungua. Upande wa maktaba vitabu vikalundikana hadi videvuni, upande wa ukumbini watu wakasimama mikono mitupu. Mwishowe wapishi walimtoa mstarini kwa heshima zote wakampa mwavuli wa kushika. Aliushika saa tatu, akisoma mgongo wa kila kitabu kilichopita mbele yake.

Ningeweza kuendelea hivi hadi karatasi ziishe. Lakini yanayonifanya nisimame anapoingia ni mengine.

Mtu huyu anajua majina. Simaanishi majina ya maprofesa. Anajua jina la mfagiaji aliyeanza kazi juzi, na la mama yake. Siku ya mahafali huwaita wahitimu wote bila karatasi, sitini au sabini wa kozi zote, si wa uchungaji pekee, na hajawahi kuruka hata mmoja. Akiombwa kuzika, huenda siku moja kabla kwa wafiwa, anaketi, anauliza marehemu alikuwa anafanya kazi gani, alipenda kucheka nini, aliimba sauti ipi. Husikiliza zaidi kuliko kuongea. Nilipofiwa na kaka yangu alikuja hivyo hivyo, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kwa sababu viti vilikuwa vimejaa, na kesho yake kanisani nilimsikia kaka yangu akielezwa mpaka nikageuka kumtafuta. Wageni hudhani ni kipaji. Si kipaji, na yeye ndiye wa kwanza kusema hivyo.

Kuna kitabu chake kikubwa kuhusu majaliwa, kile kinachofundishwa katika vyuo vingi. Kina kasoro ya ajabu. Baada ya sura ya kumi na moja inakuja sura ya kumi na tatu. Wachapaji walidhani karatasi zimepotea, wakampigia simu mara mbili. Aliwajibu kwamba sura ya kumi na mbili, inayohusu majaliwa na kifo, bado haijaiva, na wachape hivyo hivyo. Ili kujua kwa nini haijaiva, inabidi turudi kwenye lile dirisha la chini ya ngazi, na mlango wa jikoni ulio mbele yake.

Ulikuwa mwaka wake wa tano hapa. Mpishi mkuu wa wakati huo ni mama ambaye siku hizi sote, maprofesa tukiwemo, tunamwita Bibi Jiko. Mumewe alikuwa fundi bomba wa chuo. Asubuhi moja fundi alipanda kwenye tangi la maji kubadilisha vali, akashuka, akaketi kivulini apumzike, na hakuinuka tena. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Mtoto wao wa pekee, binti, alikuwa na miaka tisa. Mchungaji wa chuo alikuwa safarini, kwa hiyo wazee wa kanisa wakamwomba mhadhiri kijana mwenye tasnifu ya majaliwa ahubiri. Nani angefaa zaidi?

Alihubiri dakika hamsini. Yalikuwemo maneno matatu ya Kiyunani na mawili ya Kilatini. Alieleza jinsi Mungu anavyotenda kupitia sababu za kwanza na sababu za pili, akamalizia kwa hoja yenye sehemu nne ambayo, wanasema waliokuwepo, haikuwa na tundu hata la kupitisha sindano. Maprofesa walimpa mkono mlangoni. Mkuu wa enzi hizo alimshauri ayachapishe mahubiri yale.

Siku tatu baadaye alipita jikoni kutoa pole. Bibi Jiko alikuwa akimenya vitunguu. Alimkaribisha kwenye kigoda, akamwambia: "Mchungaji, mimi nilikaa benchi la mbele kabisa. Nilisikiliza neno kwa neno. Sasa niambie, ulisema nini juu ya mume wangu?"

Mhadhiri alifungua kinywa. Alianza na zile sababu za pili, akaacha. Akajaribu njia nyingine, akaacha. Ndipo Bibi, bila kupandisha sauti na bila kuacha kumenya, akamwambia kwamba katika dakika zile zote hakulitaja jina la marehemu hata mara moja. Kisha akasema: "Nenda ukajitayarishe tena, mwanangu. Ukiwa tayari, urudi."

Tunajua hayo kwa sababu yeye mwenyewe huyasimulia kila mwaka, katika mhadhara wa kwanza, mbele ya wanafunzi wapya ambao ndiyo kwanza wameweka begi chini. Hajitetei kwamba alikuwa mdogo, wala kwamba alipewa taarifa ya siku moja. Anasema, "Nilimzika mtu bila kumtaja," halafu anafungua dirisha na kuanza somo. Nimeusikia mhadhara huo mara ishirini na tisa. Kila mara mimi hujifanya nimekwenda kuangalia idadi ya viti.

Juma lililofuata mazishi yale alinunua daftari la jalada gumu akalipeleka jikoni pamoja na ombi. Alitaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kabla ya kutoa mahubiri ya majaribio mbele ya presbiteri, wayatoe kwanza jikoni. Mpishi angesikiliza, kisha angeeleza kwa maneno yake mwenyewe alichosikia. Kikiwa ndicho mwanafunzi alichokusudia, angeandika katika daftari "Imefika". Kisipokuwa ndicho, "Arudie". Bibi Jiko alilipokea daftari, akachomoa penseli aliyokuwa ameichomeka kwenye kitambaa cha kichwani, na kabla ya mwanafunzi yeyote kufika aliandika mstari wa kwanza kwa herufi kubwa: "Mchungaji kijana. Mazishi. Arudie."

Basi sasa mnajua neno la kalamu nyekundu lilikotoka. Tumemwita Baba Arudie miaka yote tukidhani neno ni lake. Alipewa.

Maprofesa wa wakati huo waliangua kicheko. Mmoja aliuliza kama Kiebrania nacho kitasahihishwa na masufuria. Walikubali jaribio moja tu, wakamtuma mwanafunzi bora wa mwaka, mwenye sauti ya kutetemesha vioo, wakiwa na hakika kwamba mambo yataishia hapo. Alipomaliza, Bibi alisema amesikia sauti nzuri mno na anaomba kujua ilikuwa inahusu nini. Maprofesa wakamgeukia mwanafunzi awaeleze kwa sentensi mbili. Mwanafunzi akawaza. Aliwaza mpaka maharagwe yakaungua. Kanuni ilipita bila mtu kupinga, na siku hiyo chuo kizima kilikula mkate mkavu.

Tangu hapo wanafunzi mia sita na kumi na wawili wamesimama kati ya meza ya kukatia mboga na jiko kubwa, jasho likiwatiririka kwa sababu mbili. Bibi alipostaafu, miaka kumi na minane iliyopita, binti yake alirithi mwiko, ufunguo wa ghala na daftari, ambalo sasa ni la tatu. Ndiye yule aliyekuwa na miaka tisa, na sisi humwita Binti Jiko. Ni mkali kumshinda mama yake. Kuna mwanafunzi aliyemrudisha mara tano, na mwanafunzi huyo leo ndiye mhubiri ambaye watu huvuka mji mzima kwenda kumsikiliza. Kila mwaka humletea Binti Jiko salamu, na kila mwaka Binti Jiko humwuliza kama bado anaongea haraka.

Lakini kila mwaka pia hutokea mwanafunzi mwenye kiherehere anayeliomba daftari la kwanza, analifungua, anaona mstari wa juu kabisa, anauliza mbele ya darasa: na wewe Mwalimu, ulirudia lini? Kila mwaka jibu lilikuwa moja. "Bado."

Miaka thelathini na sita. Mtu aliyesimama mara tatu mbele ya Baraza Kuu, aliyefundisha katika mabara matatu, alishindwa kuvuka ua wa hatua arobaini na karatasi mkononi. Sitasema hakujaribu. Mkewe ameniambia rasimu zipo, nyingi, zimehifadhiwa ndani ya lile sanduku ambalo halikuwahi kuwa na makoti. Kila alipoandika, anasema mkewe, alisoma kwa sauti, akatikisa kichwa, akachukua kalamu nyekundu.

Ndiyo maana mwaka huu ulipoanza, sisi wa siku nyingi tulikuwa na jambo ambalo hatukulitia kwenye ajenda. Bibi Jiko ana miaka themanini na mmoja. Sikio la kushoto limeshastaafu, la kulia linafanya zamu. Mkuu anaondoka Juni. Mstari ule usipopata jibu sasa, utabaki ulivyo, na yeye ataondoka kama mwanafunzi pekee wa chuo hiki ambaye hakuwahi kumaliza. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Nilifungua kabati la daftari mara kadhaa nikalitazama tu, nikalifunga.

Kamati ilipanga shughuli kubwa: ukumbi, mhadhara wa hadhara, wageni kutoka majimbo yote ya kanisa. Mkuu alishukuru, akaomba mhadhara ufutwe. Badala yake aliomba kitu kimoja, na hata hicho hakukiomba kwa barua. Alikwenda kwenye ile orodha inayobandikwa mlangoni mwa jikoni akajiandikisha kama kila mtu, kati ya wanafunzi wawili wa mwaka wa nne. Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi. Yule aliyekuwa juu yake kwenye orodha aliiona akashindwa kulala siku mbili, akidhani atalinganishwa naye.

Alhamisi hiyo nililibeba daftari la kwanza mwenyewe. Nimewahi kubeba vitabu vyenye umri wa miaka mia tatu kwa mkono mmoja. Siku hiyo nililikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Binti Jiko alikuwa amepunguza moto, na amemwekea mama yake kiti upande ambao sikio lake zima lingeelekea meza. Mke wa Mkuu aliketi juu ya kreti ya vitunguu. Wapishi walisimama ukutani, vitambaa mikononi.

Aliingia bila joho, ana karatasi moja iliyokunjwa. Alipofika kwenye meza ya mboga akaikunja mara ya pili, akaitia mfukoni. Nilimwona Mkuu wetu akiogopa. Sikuwahi kuona hivyo, na sikujua kwamba kungenifanya nimheshimu zaidi.

Neno lake la kwanza lilikuwa jina la fundi bomba. Alilisema lote, lake na la baba yake, polepole, kwa sauti ya kufika. Kisha akaeleza kwamba juma moja kabla ya kufariki, fundi alikuja nyumbani kwake kutengeneza bomba. Alilala chini ya sinki akaimba zaburi tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi, na katika zaburi hizo hakupatia sauti hata moja. Alipomaliza alikataa chai, kwa sababu alikuwa amemwahidi binti yake kumsaidia hesabu za shule.

"Haya nilikuwa nayo kichwani siku ya mazishi, Mama," alisema. "Niliona hayatoshi kuwa theolojia."

Akasema hajui kwa nini mtu yule alikufa asubuhi ile. Siku ile alijifanya anajua, na alijifanya akiwa mimbarini. Akasema bado anaamini kila mtu yumo katika mkono wa Mungu, lakini zamani aliamini kama mtu anayesoma ramani, na sasa anaamini kwamba Mungu anamjua kila mmoja kwa jina lake, na kwamba fundi yumo humo mkononi mzima mzima, na zaburi zake mbovu. Akaomba radhi. Nilitazama saa ya ukutani. Dakika nne.

Binti Jiko alikuwa ametugeuzia mgongo, anakoroga sufuria. Sufuria halikuwa na kitu.

Bibi alishika tama. Kanuni ni kanuni, ilimbidi aseme alichosikia. "Umesema mume wangu alikuwa mtu mwema asiyejua kuimba," alisema. "Umesema hujui kwa nini alituacha. Umesema Mungu hajamsahau. Na umesema pole. Ndivyo?"

Mkuu wa Chuo, msomi wa lugha sita, aliitikia kwa kichwa.

Bibi akanyoosha mkono, akapewa penseli. Aliliweka daftari magotini, akaupata mstari wa kwanza bila kusaidiwa, na kando ya "Arudie" ya miaka thelathini na sita akaandika kwa herufi zilezile kubwa, sasa zikiyumba kidogo: "Imefika."

Mimi ndiye niliyeropoka. Nilimwuliza Bibi kama miaka yote hiyo alikuwa na kinyongo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akasema alimsamehe siku ileile, kabla hajamaliza vitunguu. Sasa mbona hakumpitisha, nikauliza.

"Kusamehe ni kwangu, nafanya nikitaka," alisema Bibi. "Kuhubiri ni kazi, na kazi yake ilikuwa haijaisha. Halafu ningempitisha mapema, hawa wengine mia sita nani angewaleta?"

Jikoni kulicheka, na Mkuu alicheka kuliko wote, huku akijifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Mwanafunzi aliyefuata kwenye orodha aliingia wakati huohuo akakuta chuo kizima kinalia na kucheka, akataka kugeuza. Binti Jiko alimwambia asimame hapohapo aanze. Aliandikiwa "Arudie", na alitoka akishukuru.

Nimalizie kwa ungamo la mwandishi. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilikuwa na shahada zote, tarehe zote, na orodha ya makala tisini na tatu. Niliisoma jikoni Ijumaa, maana kanuni hairuki mtu. Binti Jiko alisikiliza hadi mwisho, akasema amesikia habari za mtu aliyefanya kazi nyingi sana, ila yeye mwenyewe hajamwona. Nikarudia. Hii mliyoisoma ni ya tatu.

Mkuu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa madarasani, wa ofisini, wa bustanini na wa jikoni, asante. Asante pia kwa mama wa nyumbani kwako, aliyekuazima kwetu kwa muda mrefu kuliko ulivyoazima kitabu chochote. Na tukiwa hapo: kile kitabu cha maktaba ulikirudisha Jumatatu, baada ya miaka ishirini na miwili. Nimekipokea bila maneno. Ndani yake nilikuta karatasi ya Alhamisi, imekunjwa mara mbili. Nilidhani nitakuta hotuba. Kuna jina la fundi bomba tu, lake na la baba yake, limeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Nimeiweka kabatini, ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa kwanza. Nenda salama. Tunakuombea siku nyingi, mwili wenye nguvu na kiti kizuri karibu na dirisha. Sura ya kumi na mbili ikiiva, Bibi amesema uanze kwake, na usome kwa sauti. Njia ya jikoni unaijua.